Archie Cochrane na Tiba Inayozingatia Ushahidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Archie Cochrane alikuwa nani?

Archibald Leman Cochrane, ambaye karibu kila mtu alimwita Archie, alikuwa daktari wa Kiskoti aliyezaliwa tarehe 12 Januari 1909 katika mji wa Galashiels, kwenye familia yenye viwanda vya nguo za sufu. Baba yake aliuawa huko Gaza mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mtoto akiwa na umri wa miaka minane. Cochrane hakugundua dawa yoyote, wala hakuna upasuaji unaoitwa kwa jina lake. Alichokifanya, kwa karibu nusu karne, ni kuwauliza madaktari wenzake swali ambalo wagonjwa wengi hudhani limekwisha kujibiwa kabla hawajaandikiwa dawa: tunajuaje kwamba tiba hii inamsaidia mgonjwa, na kwamba hangepona vilevile bila hiyo?

Kwa nini huitwa mwasisi ilhali jina lenyewe, "tiba inayozingatia ushahidi", halikutoka kwake?

Ni kweli kwamba jina hilo, la tiba inayochaguliwa kwa kutazama matokeo ya utafiti, halikutoka kwake. Lilianza kutumika miaka ya mwanzo ya 1990 katika Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, ambako Gordon Guyatt alilichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Guyatt alikuwa amepita katika mikono ya David Sackett, daktari mzaliwa wa Marekani aliyeanzisha idara ya epidemiolojia ya kitabibu (epidemiolojia ni elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea kwa watu) chuoni hapo mwaka 1967. Wakati jina hilo linaanza kuenea, Cochrane alikuwa amekwisha kufariki.

Hata wazo la kulinganisha makundi ya wagonjwa ni la kale kuliko hao wote. James Lind, daktari wa meli, aliwalinganisha mabaharia wenye kiseyeye mwaka 1747, na katika karne ya 19 daktari Pierre Louis wa Paris alihesabu wagonjwa waliotolewa damu kama tiba akaona kwamba faida iliyokuwa ikisifiwa ilikuwa ndogo mno. Sifa ya Cochrane ni nyingine. Yeye ndiye aliyelichukua jaribio la nasibu, yaani jaribio ambamo wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, ambalo wengi waliliona kuwa chombo cha watafiti wa dawa, akadai kwamba litumike kupima karibu kila kitu kinachofanywa na huduma ya afya ya taifa, tangu siku ambazo mgonjwa hulazwa baada ya upasuaji hadi vyumba maalumu vya wagonjwa wa moyo. Kwa maoni yangu, huo ndio uasisi wenyewe.

Alisomea wapi, na kwa nini alichelewa kuwa daktari?

Alisoma sayansi asilia katika chuo cha King's, Cambridge, akapata daraja la kwanza mwaka 1930. Baada ya hapo alijaribu utafiti wa maabara kuhusu ukuzaji wa seli, akaona haumfai, akauacha. Kisha akakumbwa na tatizo la kiafya ambalo madaktari aliowaendea hawakulipa uzito, naye akaenda Berlin kutibiwa na Theodor Reik, mtaalamu wa kutibu nafsi kwa mazungumzo na mfuasi wa Sigmund Freud. Wanazi walipoingia madarakani Reik alihama, na Cochrane akamfuata Vienna, kisha The Hague. Miaka hiyo ilimpa mambo mawili: Kijerumani fasaha, ambacho baadaye kilikuja kumfaa mno, na mashaka makubwa juu ya nadharia zinazoelezwa kwa uhakika bila jaribio lolote la kuzithibitisha.

Mwaka 1934 alianza masomo ya udaktari katika hospitali ya University College, London, lakini mwaka 1936 akayakatiza ili kwenda Uhispania, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, pamoja na kikosi cha Waingereza cha huduma ya kwanza kilichowahudumia wapiganaji wa upande wa Jamhuri. Alirudi mwaka uliofuata, na hatimaye akahitimu mwaka 1938 akiwa na miaka 29.

Je, ni kweli kwamba aliwahi kuandamana na bango la kudai matibabu ya bure?

Ni kweli, na maneno ya bango hilo yanastahili kusomwa taratibu. Katika maandamano ya kudai huduma ya afya ya taifa, miaka ya 1930, alibeba bango lililosema kwamba matibabu yote yanayofaa lazima yatolewe bure. Angeweza kuandika "matibabu yote", lakini aliandika "yanayofaa". Alisimulia baadaye kwamba bango hilo halikuwavutia watu. Hata hivyo neno hilo moja linabeba kazi yake yote iliyofuata, kwa kuwa anayetaka umma ulipie matibabu ya kila mtu hana budi kujua yapi yanaponya na yapi yanakula fedha bure, na mwaka 1938 mambo mengi sana ya kitabibu hayakuwa yamepimwa kwa namna yoyote ya kuaminika.

Nini kilimpata katika Vita Kuu ya Pili?

Akiwa kapteni katika kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, alitekwa na Wajerumani katika kisiwa cha Krete mwaka 1941, na akabaki mateka kwa miaka minne. Kwa kuwa alikuwa daktari na alijua Kijerumani, alifanywa mganga wa mateka wenzake, kwanza Thessaloniki nchini Ugiriki, mji uliojulikana zaidi wakati huo kwa jina la Salonica, kisha katika kambi za Hildburghausen, Elsterhorst na Wittenberg huko Ujerumani.

Hali ya Salonica aliieleza mwenyewe katika maandishi yake. Kambi ilikuwa na mateka wapatao 20,000. Chakula kilikuwa cha takriban kalori 600 kwa siku, karibu kila mtu alikuwa akiharisha, na kulikuwa na milipuko ya homa ya matumbo, dondakoo na manjano. Dawa alizokuwa nazo ni aspirini, dawa kidogo ya kupunguza asidi tumboni, na dawa ya kusafisha ngozi. Alitarajia mamia ya watu kufa kwa dondakoo peke yake. Waliokufa walikuwa wanne, na watatu kati yao waliuawa kwa risasi za walinzi.

Daktari mwingine angejisifu kwa matokeo hayo. Cochrane alifanya kinyume. Aliandika kwamba hayakuwa na uhusiano wowote na ujuzi wake wala na dawa zake, bali yalionyesha jinsi mwili wa binadamu ulivyo na uwezo mkubwa wa kujiponya wenyewe. Wakati fulani alipowaomba Wajerumani waongeze madaktari kambini, daktari wao alimjibu kwamba madaktari hawahitajiki. Alikasirika sana siku hiyo, lakini kwa miaka mingi baadaye aliendelea kujiuliza kama mtu yule alikuwa na hekima au alikuwa mkatili tu. Kwamba alisema kweli, hilo Cochrane hakulitilia shaka.

Jaribio la hamira lilifanyika vipi, na kwa nini yeye mwenyewe aliliita baya?

Mateka wengi wa Salonica walianza kuvimba miguu, uvimbe ambao ukiubonyeza kwa kidole huacha shimo, na idadi yao ikapanda kwa kasi ya kutisha. Cochrane mwenyewe alikuwa amekonda, ana manjano, na miguu yake imevimba hadi juu ya magoti. Alidhani huenda ni beriberi, ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini B1, lakini hakuwa na uhakika. Ndipo alipomkumbuka James Lind na mabaharia wake.

Alichagua vijana 20 wenye uvimbe huo, akawagawa katika vyumba viwili, kumi huku na kumi kule. Chumba kimoja alikipa hamira, ambayo ina vitamini B, iliyonunuliwa kwa magendo, na kingine akakipa vitamini C kutoka katika akiba yake ndogo. Hakuwa na ndoo za kupimia wingi wa mkojo, kwa hiyo alihesabu ni mara ngapi kila mgonjwa alikwenda kukojoa. Siku tatu za kwanza hakukuwa na tofauti. Siku ya nne tofauti ikaanza kuonekana, na wanane kati ya kumi waliokula hamira wakasema wanajisikia nafuu, ilhali katika chumba cha pili hapakuwa na hata mmoja aliyesema hivyo.

Alichukua takwimu zake, akiwa dhaifu kiasi cha kutetemeka, akazipeleka kwa Wajerumani na kuwaeleza kwa lugha yao. Daktari kijana wa Kijerumani alizisikiliza kwa makini, akauliza anahitaji nini, na kesho yake asubuhi hamira nyingi ikaletwa. Chakula nacho kikaongezwa kidogo, na katika muda wa kama mwezi mmoja uvimbe ukawa umetoweka kwa karibu wote.

Mwaka 1984 alilisimulia tukio hilo katika jarida la kitabibu la Uingereza, na katika kichwa cha makala akaliita jaribio lake la kwanza, baya kuliko yote na lenye mafanikio kuliko yote. Ubaya aliutaja bila kuficha: wagonjwa walikuwa wachache, siku zilikuwa chache, kipimo kilikuwa hafifu, na alikuja kutilia shaka hata dhana yake ya beriberi, kwani huenda kilichowasaidia ni chakula kilichoongezeka tu. Watu wengi wanaomsifu husimulia hamira na kuacha mashaka haya. Nadhani wanamkosea, kwa sababu mtu aliyeokoa wenzake kwa jaribio kisha akathubutu kusema kwamba huenda alikuwa sahihi kwa sababu zisizo sahihi ametufundisha zaidi kwa kukiri huko kuliko kwa hamira yenyewe.

Kisa cha askari wa Kisovieti kinahusu nini?

Kilitokea Elsterhorst, kambi ambako Cochrane alitibu mateka wenye kifua kikuu. Usiku mmoja Wajerumani walimleta kijana wa Kisovieti aliyekuwa akikaribia kufa huku akipiga mayowe. Wodi ilikuwa imejaa, na Cochrane hakutaka kuwaamsha wengine, kwa hiyo akamweka katika chumba chake mwenyewe. Alipompima alisikia mkwaruzo wa utando wa mapafu, akaamini kwamba hayo ndiyo maumivu yaliyomfanya apige kelele. Hakuwa na mofini. Aspirini haikusaidia kitu. Alijua Kirusi kidogo sana, wala hapakuwa na mtu wodini aliyekijua. Mwishowe, pasipo kufikiri sana, alikaa kitandani akamkumbatia, na mayowe yakakoma papo hapo. Kijana yule alifariki kwa utulivu mikononi mwake saa chache baadaye. Cochrane aliandika kwamba kilichomfanya apige mayowe kilikuwa upweke na si ugonjwa wa mapafu, na kwamba aliona aibu kwa kukosea utambuzi huo hata akakificha kisa hicho kwa miaka mingi.

Wale wanaodhani kwamba tiba inayozingatia ushahidi ilibuniwa na watu wa takwimu wasio na huruma wangefaa kuanza kumsoma Cochrane hapa. Katika kambi hiyohiyo alikuwa na uhuru kamili wa kuchagua tiba za kifua kikuu za wakati ule, kama vile kulilegeza pafu kwa kuingiza hewa kifuani au kukata mbavu, na alikiri kwamba shida yake haikuwa kukosa uhuru bali kutojua atumie ipi na lini. Alihofu kwamba huenda alikuwa amefupisha maisha ya baadhi ya rafiki zake kwa kuwatibu bila sababu. Hofu hiyo haikumtoka.

Jaribio la nasibu ni nini hasa?

Ni utafiti ambao wagonjwa wanaofanana hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa tiba inayopimwa na lingine likapewa tiba ya kawaida au lisipewe tiba hiyo, kisha matokeo yao yakalinganishwa. Jambo la msingi ni kwamba si daktari wala mgonjwa anayechagua nani aende wapi. Daktari akiachiwa achague, hata kwa nia njema kabisa, ataelekea kuwapa dawa mpya wale anaowaona wana matumaini, na mwishoni hatutajua kama wamepona kwa sababu ya dawa au kwa sababu walikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo.

Baada ya vita Cochrane alisoma afya ya jamii katika chuo cha London cha usafi na tiba za nchi za joto, akafundishwa na Austin Bradford Hill, mtakwimu ambaye mchango wake katika mbinu hii hauna mfano. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha jaribio la streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu: 55 walipewa dawa hiyo na kupumzishwa kitandani, na 52 walipumzishwa tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa wanne katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Kwa Cochrane, aliyetoka kuwatibu wenye kifua kikuu kwa kubahatisha kambini, hili lilikuwa jibu la swali lililomtesa kwa miaka.

Alifanya nini Wales?

Alifanya kazi yake ndefu kuliko zote, ingawa haitajwi sana. Mwaka 1948 alijiunga na kitengo cha utafiti wa magonjwa ya mapafu yatokanayo na vumbi, kilichokuwa katika hospitali ya Llandough karibu na Cardiff, akaanza kuwachunguza wachimbaji wa makaa ya mawe. Kabla ya hapo alikuwa amekaa Philadelphia, Marekani, akichunguza jinsi madaktari wanavyozisoma picha za eksirei, na alikuwa ameona kwamba wawili wakisoma picha moja hutofautiana, na hata mmoja akiisoma mara mbili hutofautiana na nafsi yake.

Mwaka 1950 alianza utafiti mkubwa katika mabonde mawili ya Wales ya kusini, Rhondda Fach na Aberdare. Dhana iliyokuwepo ilikuwa kwamba makovu makubwa ya mapafu ya wachimbaji hutokea pale kifua kikuu kinapoongezeka juu ya vumbi. Basi kama kifua kikuu kingetafutwa na kutibiwa kwa bidii katika bonde moja, makovu hayo yangepungua kuliko katika bonde la pili. Dhana hiyo haikuthibitika. Kilichobaki ni mfano wa kazi ya uwandani ambao wanaepidemiolojia wanauheshimu hadi leo: timu ya Cochrane iliwafuata watu nyumba kwa nyumba, na ilipowatafuta tena miaka mingi baadaye iliwapata zaidi ya asilimia 90. Yeye alishikilia kwamba wale ambao ni vigumu kuwapata hawafanani na wale wanaojileta wenyewe, na kwamba utafiti unaowaacha nje huwa unajidanganya. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha sensa ya kaya au kampeni ya chanjo vijijini anaujua ukweli huo.

Mwaka 1960 aliteuliwa profesa wa kifua kikuu na magonjwa ya kifua katika chuo cha tiba cha Wales, na mwaka huohuo akawa mkuu wa kitengo kipya cha epidemiolojia mjini Cardiff.

Je, ana uhusiano wowote na matumizi ya aspirini kwa wagonjwa wa moyo?

Anao. Jaribio la kwanza la nasibu la kupima kama aspirini huzuia vifo baada ya mshtuko wa moyo liliongozwa na Peter Elwood katika kitengo hicho cha Cardiff, Cochrane akiwa mmoja wa waandishi, likachapishwa mwaka 1974. Lilihusisha wanaume 1,239. Vifo vilipungua kwa asilimia 12 katika miezi sita na asilimia 25 katika miezi 12, lakini kitakwimu haikuwezekana kusema kwa uhakika kwamba ni kwa sababu ya dawa, na waandishi walisema hivyo waziwazi. Uhakika ulikuja baadaye, majaribio mengi yalipowekwa pamoja.

Kitabu chake cha mwaka 1972 kinasema nini?

*Effectiveness and Efficiency* ni kitabu kifupi alichokiandika baada ya kupewa ufadhili wa mwaka 1971 na shirika moja la hisani linaloshughulikia mambo ya hospitali. Kinauliza maswali matatu kuhusu huduma ya afya ya taifa ya Uingereza: je, tiba inabadilisha mwendo wa ugonjwa kwa kumnufaisha mgonjwa, je, inatolewa kwa njia inayotumia vizuri watu na fedha zilizopo, na je, inawafikia wote kwa usawa? Kwa swali la kwanza aliona ushahidi bora ni jaribio la nasibu. Kifua kikuu ndicho alichokitoa kama mfano mwema, kwa kuwa kila hatua ilikuwa imepimwa. Jaribio lililofanywa Madras, India, na kuchapishwa mwaka 1959, lilikuwa limekwisha kuonyesha kwamba wagonjwa waliotibiwa nyumbani kwa dawa walipona karibu sawa na waliolazwa sanatoria, yaani hospitali za mapumziko marefu, na hivyo vitanda vya hospitali hizo vikakosa hoja ya kuvitetea.

Sehemu iliyowaudhi wengi ilihusu vyumba maalumu vya wagonjwa wa moyo, ambavyo vilikuwa vimeanza kujengwa kwa gharama kubwa kabla ya mtu kuthibitisha kwamba vinaokoa maisha. Gordon Mather wa Bristol aliendesha jaribio la kulinganisha wagonjwa wa mshtuko wa moyo waliotibiwa hospitalini na waliotibiwa nyumbani, na hospitali haikuonyesha ubora wa wazi. Cochrane alisimulia kwamba matokeo ya awali yalipotoka, yakionyesha nafuu kidogo upande wa nyumbani, aliandaa ripoti mbili, ya kweli na nyingine aliyobadilisha tarakimu za pande mbili, akaanza kuwaonyesha madaktari wa moyo ile ya uongo. Walimjia juu, wakamwambia kwamba jaribio linakiuka maadili na lazima lisimamishwe mara moja. Aliwaacha wamalize, akaomba radhi, akawapa ripoti ya kweli, na akawataka waseme kwa nguvu zilezile kwamba vyumba vyao vifungwe. Kimya kikatanda. Alijutia kidogo kitendo hicho, kwa kuwa watu hao walikuwa wenzake.

Je, aliwachukia madaktari?

La. Alikuwa mmoja wao, na mwaka 1972 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama cha kitaaluma cha madaktari wa afya ya jamii nchini Uingereza. Hata hivyo hakuficha matokeo yasiyopendeza. Mwaka 1978 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa nchi 18 zilizoendelea, ambamo nchi zenye madaktari wengi zaidi kwa idadi ya watu zilionekana kuwa na vifo vingi zaidi vya watoto wachanga. Walijaribu kila njia kuliondoa fumbo hilo, wakashindwa kulieleza. Hawakudai kwamba madaktari wanaua watoto. Walichapisha walichokiona na kuwaachia wengine wakichunguze.

Mapitio ya kimfumo yalianzaje?

Mwaka 1979 Cochrane aliandika kwamba ni aibu kubwa kwa taaluma ya udaktari kutokuwa na muhtasari wa kihakiki, uliopangwa kwa kila fani na kuhuishwa kila baada ya muda, wa majaribio yote ya nasibu yanayohusika. Muhtasari wa namna hiyo ndio unaoitwa leo mapitio ya kimfumo. Katika maandishi hayo aliwapa madaktari wa uzazi zawadi ya anayeshika nafasi ya mwisho, kijiko cha mbao, kwa kuwa fani iliyofanya mambo mengi bila kuyapima. Daktari kijana wa uzazi, Iain Chalmers, aliichukulia lawama hiyo kwa uzito. Yeye na wenzake walikusanya majaribio yote yaliyoweza kupatikana kuhusu ujauzito na kujifungua, kazi ya miaka mingi, na Cochrane, kabla hajafa, akaandika dibaji ya kitabu chao na kukiondoa kile kijiko.

Mfano unaotajwa zaidi ni sindano za kotikosteroidi kwa mama anayetarajiwa kujifungua kabla ya wakati, ambazo huharakisha kukomaa kwa mapafu ya mtoto. Jaribio la kwanza lilifanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 1972. Mengine yakafuata, moja moja, na kwa kuwa hakuna aliyeyaweka pamoja, madaktari wengi wa uzazi hawakuzitumia hadi karibu miaka 20 baadaye. Watoto njiti waliokufa katika muda huo, huku jibu likiwa limelala katika majarida, ndio hoja nzito kuliko zote ya kazi hii. Majaribio saba kati ya hayo yamechorwa katika nembo ya shirika la Cochrane, shirika la kimataifa linaloandaa mapitio ya kimfumo.

Je, shirika la Cochrane alilianzisha yeye?

Hapana. Chalmers alifungua kituo cha kwanza mjini Oxford mwaka 1992 na ushirika wa kimataifa ukaanzishwa mwaka 1993, miaka mitano baada ya kifo cha Cochrane. Ulipewa jina lake kwa heshima.

Kazi hii ina uhusiano gani na Afrika Mashariki?

Una mizizi mirefu kuliko wengi wanavyojua. Katika miaka ya 1970 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lilelile lililomwajiri Cochrane, lilishirikiana na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia katika majaribio ya nasibu yaliyoonyesha kwamba kifua kikuu, ambacho wakati huo kilitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu, kingeweza kuponywa kwa miezi sita endapo dawa ya rifampisini au ya pirazinamidi ingeongezwa. Matibabu ya miezi sita yaliyoenea duniani kote yamejengwa juu ya wagonjwa wa nchi hizi.

Mfano wa karibu zaidi ni jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi na kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Watoto 3,141 walihusishwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliwashtua watafiti wenyewe: katika saa 48 walikufa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji hayo kwa haraka, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupewa. Watoto wenye kuharisha au wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa, kwa hiyo matokeo hayo hayamhusu mtoto aliyepungukiwa maji kwa kuharisha. Mwaka mmoja kabla yake, jaribio la watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo, lilionyesha kwamba wenye malaria kali waliotibiwa kwa atesuneti walikufa kwa asilimia 8.5, na waliotibiwa kwa kwinini kwa asilimia 10.9.

Zile sindano za kotikosteroidi nazo zilibidi zipimwe upya. Utafiti wa mwaka 2015 katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba kuzieneza hadi ngazi za chini za huduma hakukupunguza vifo vya watoto wachanga, bali viliongezeka kwa jumla. Jaribio la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2020, katika hospitali za nchi tano zenye uwezo wa kuwahudumia watoto njiti, Kenya ikiwemo tena, lilionyesha kwamba zinaokoa maisha. Dawa ilikuwa ileile, lakini mazingira yalikuwa tofauti.

Je, tiba ya namna hii haipuuzi uzoefu wa daktari na matakwa ya mgonjwa?

Sackett na wenzake walilijibu swali hili mwaka 1996, wakieleza kwamba ni kutumia kwa dhamiri, kwa uwazi na kwa busara ushahidi bora uliopo katika kumhudumia mgonjwa mmoja mmoja, ukiunganishwa na ujuzi wa daktari. Mwongozo unaofuatwa kama amri, pasipo kumtazama aliyeketi mbele yako, hauingii katika maelezo hayo. Lawama kwamba baadhi ya majaribio hugharamiwa na wenye kuuza dawa, na kwamba matokeo mabaya wakati mwingine hayachapishwi, ni lawama ya haki, na wafuasi wa Cochrane ndio waliokuwa mstari wa mbele kudai kila jaribio lisajiliwe kabla halijaanza.

Alikufa kwa ugonjwa gani, na aliyatazamaje maisha yake?

Alifariki kwa saratani. Kwa muda mrefu aliishi pia na pofiria, ugonjwa wa kurithi unaoathiri utengenezaji wa sehemu ya damu, ambao aligundua kuwa upo katika ukoo wake baada ya dada yake kuugua. Aliwatafuta ndugu zake waliotawanyika sehemu mbalimbali za dunia ili wapimwe, kwa ukamilifu uleule aliowatafutia wachimbaji wa Rhondda. Hakuoa. Alijiandikia tanzia yake mwenyewe, ikachapishwa mwaka 1988, na ndani yake alijieleza kuwa mtu mwenye pofiria kali aliyevuta sigara kupita kiasi, asiye na faraja ya mke, ya dini wala ya tuzo ya ziada ambayo madaktari bingwa wa Uingereza hupewa, lakini ambaye hakufanya vibaya sana.